Naomba ushauri: chaja isiyo na waya kwa mtumiaji wa sola

Wakuu habari za jioni. Niko Ujiji, Kigoma. Tundu la chaji la simu yangu limelegea, na fundi wa Mwanga anataka hela ndefu kulibadilisha. Bahati nzuri simu inakubali Qi, ile ya kuilaza juu ya kisahani, koili ya chini ikirusha umeme kwa usumaku hadi koili ya ndani ya simu.

Shida ni kwamba nyumbani nategemea betri ya sola, na njia hii hupoteza umeme mwingi kuliko waya, unaishia kuwa joto. Joto la huku lenyewe mnalijua! Aliyewahi kuitumia kwenye sola, betri inafika asubuhi? Halafu Qi2, toleo jipya la Qi lenye sumaku, itanisaidia chochote ikiwa simu yangu haina sumaku? Kava ni la ngozi, nene kidogo.