Konsoli ya maabara ya nyumbani: waya wa USB, Cisco 2511 au Raspberry Pi?

pakiti_moja: Wakuu, nina ruta 4 za Cisco 1841 na swichi 3 za 2960, zote za konsoli (poti ya kuzisanidi) ya RJ45. Waya mmoja unahamahama siku nzima. Nichukue njia ipi?

waya_bluu: Waya wa USB wenye chipu ya FTDI utauhitaji hata ukichagua njia nyingine. Zenye chipu ya PL2303 za bei ya kutupa zikwepe: draiva ya Windows huzikataa zile bandia, unabaki na Code 10. Weka spidi 9600, biti za data 8, pariti hakuna, stop biti 1, flow control hakuna. PuTTY (programu ya kufungulia konsoli) huja na flow control ya XON/XOFF, kaibadilishe mwenyewe. Ukiona herufi za ajabuajabu, spidi haijalingana. Usihangaike na waya.

laini_16: Kwa vifaa 7, Cisco 2511 (ruta ya zamani inayofikia konsoli za vifaa vingine) inatosha na kubaki: laini 16 kupitia waya 2 za pweza za CAB-OCTAL-ASYNC, zenye vichwa 8 kila mmoja. Vichwa hivyo tayari ni rollover (pini zimegeuzwa, kama waya wa konsoli), usiunge rollover nyingine mbele. Poti yake ya Ethernet ni AUI (tundu la zamani), kwa hiyo tafuta na transiva ya kuileta kwenye RJ45. Wengi hulishtukia hilo mzigo umeshafika.

```
interface Loopback0
 ip address 10.0.0.1 255.255.255.255
ip host R1 2001 10.0.0.1
line 1 16
 no exec
 transport input telnet
```

Laini ya 1 ni poti 2001, ya 2 ni 2002, endelea hivyo. Usipoweka `no exec`, maandishi yanayotoka kwenye ruta huamsha kikao upande wa 2511, laini inashikwa, nawe unajibiwa "Connection refused". Dawa ni `clear line 1`. Kutoka R1 bila kukata: Ctrl+Shift+6, achia, kisha x.

pakiti_moja: Makelele yake je, mkuu?

laini_16: Feni inasikika. Chumba cha kulala hapana.

habu_ya_umeme: Ndiyo maana mimi ni wa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo. Habu ya USB yenye adapta yake ya umeme, waya 7, na ser2net (programu ya kufikia waya hizo kupitia mtandao). Usitegemee `/dev/ttyUSB0`: ukiwasha upya namba hubadilishana, unafuta konfigi ya R3 ukidhani ni R1. Tumia `/dev/serial/by-id` kwa FTDI. Chipu nyingi za CH340 hazina namba ya pekee, hizo ziite kwa `by-path` na usizihamishe tundu. ser2net haiulizi nywila, basi ifunge kwenye localhost, uingie kwa SSH.

waya_bluu: Na pini za GPIO za Pi ni volti 3.3. Konsoli ni RS-232, yenye volti kubwa zaidi. Bila chipu ya MAX3232 ya kubadili volti katikati unaunguza Pi.

pakiti_moja: Pi basi. Kurudisha nywila kwa Break (ishara ya kukatiza ruta inapowaka) itakubali?

habu_ya_umeme: Kwa kazi hiyo chomeka ule waya wa FTDI kwenye laptopu. Break ibonyezwe ndani ya sekunde 60 tangu 1841 iwake. Kwenye `screen` ni Ctrl+A kisha Ctrl+B. Ukifika rommon (hali ya dharura ya ruta), andika `confreg 0x2142` ili ruta iruke konfigi iliyohifadhiwa, halafu `reset`. Ukimaliza irudishe 0x2102, la sivyo kila ukiwasha ruta inakuja tupu.