Bodi, mmemtoa kafara nahodha wetu kisha mnamtakia "kila la heri"!

Wakuu, hasira hii ninayo tangu ile taarifa ya mistari minne ya kumfukuza ukocha itoke. Mistari minne! Mtu kaichezea klabu miaka kumi na moja, kapasuka kichwa, kashonwa, karudi uwanjani na bandeji, leo mnamfukuza hivyo.

Alitundika daluga mwisho wa msimu, wiki tatu baadaye mkamtangaza kocha mkuu. Hakupitia timu ya vijana, hakuwa msaidizi hata siku moja, leseni ya ukocha ndiyo kwanza anaisomea. Kwenye karatasi ya mechi mkaandika jina la mzee mwenye leseni ambaye mazoezini hatukuwahi kumwona. Mlijua mnachofanya. Tulikuwa tunadai mjiuzulu, mkatafuta jina ambalo hatuwezi kulizomea.

Beki wa kati kama yeye, mchezo wote uko mbele ya macho yake. Anamwambia beki wa pembeni panda, rudi, bana ndani, na anasikika kwa sababu wako jirani. Akishakuwa kocha, yule kijana yuko ng'ambo ya uwanja, kelele zimejaa, na alichotakiwa kuambiwa alitakiwa awe nacho kichwani tangu mazoezi ya Jumanne. Kupanga hiyo Jumanne ni kazi ya kujifunza, haiji na kitambaa cha unahodha.

Mechi yake ya mwisho nilikaa nyuma ya benchi. Tunaongoza bao moja, dakika ya 70 akamtoa mshambuliaji akaingiza beki wa kati wa tatu. Timu nzima ikarudi nyuma, kona juu ya kona, ya nne ikazama wavuni. Akageuka kutafuta mtu wa kushauriana naye. Palikuwa na kocha wa makipa, daktari na mtunza vifaa. Basi! Msaidizi aliyemwomba tangu siku ya kwanza mlisema bajeti hakuna.

Na wanaosema mabeki hawawezi ukocha, waache. Ni kweli Gary Neville, beki wa zamani wa Manchester United, alipewa Valencia ya Hispania Desemba 2015, hajawahi kuwa kocha mkuu popote. Februari akachapwa 7-0 na Barcelona, Machi akatimuliwa. Tony Adams, beki wa zamani wa Arsenal, akiwa na Granada ya Hispania, 2017: mechi 7, vipigo 7. Ila mtazameni Vincent Kompany, naye beki, wa zamani wa Manchester City. Anderlecht ya Ubelgiji 2019 alijaribu kucheza na kufundisha kwa pamoja, mambo yakaenda mrama. Hawakumtupa, benchi likashikwa na wengine, na 2020 alipostaafu kucheza ndipo akakabidhiwa timu. Akaipandisha Burnley Ligi Kuu ya England 2023 kwa pointi 101, msimu uliofuata ikashuka, na bado Bayern wakamchukua. Mwaka 2025 akabeba Bundesliga. Yule alipata watu wa kumvumilia alipokosea. Wetu mmempa mechi tisa.

Mlipeni mishahara yake ya miezi miwili mnayomwambia avumilie. Na jezi yake iondoeni kwenye matangazo ya tiketi, maana bado mnamuuza huku mmemfukuza.

Sasa nasikia mnamnyemelea kiungo wetu anayestaafu msimu huu. Kaka, kama unasoma hapa, usisaini. Kamalize leseni kwanza, na wakija tena waambie jina la msaidizi unayemtaka liandikwe ndani ya mkataba.