Tupeane uzoefu: kuanza na magari ya rimoti ya kukwea mawe

Mwamba_Mgumu
Wakuu, uzi huu ni wa magari yanayopanda mawe polepole, siyo ya mbio. Mwenye ujuzi aweke kipimo, kifaa, tatizo na sababu yake.

Naanza na ukubwa. Gari la 1/10 (yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi), kama Traxxas TRX-4 au Axial SCX10, lina urefu wa karibu nusu mita na linataka mawe ya nje. Axial SCX24 ni 1/24, rundo la mawe uani linalitosha. TRX-4M ya 1/18 iko katikati. Faida ya 1/10 ni vipuri: rimu za inchi 1.9 zenye kishikio cha pembe sita cha milimita 12 huingia kwenye magari mengi ya aina hiyo. Kabla ya kulipa, uliza kama betri na chaja zimo, maana magari mengi ya 1/10 huuzwa bila hivyo.

Kishoka wa Gia
Anayeanza hukimbilia mota kubwa. Mkuu, acha mota, shughulika na tairi na uzito. Tafuta tairi za mpira laini, zenye sponji inayobonyea zikikanyaga jiwe. Rimu za kufunga kwa skrubu ni bora kuliko za gundi, kwa kuwa unaweza kubadili sponji bila kuharibu tairi.

Uzito uwe chini na mbele. Gari likipanda mlima mkali, mzigo unahamia nyuma, pua inanyanyuka na linapinduka kinyumenyume. Funga vipande vya shaba ya manjano kwenye nako za mbele (viungo vinavyogeuza tairi) au ndani ya rimu. Kupima, weka tairi za mbele juu ya mizani ya jikoni na za nyuma juu ya kitu chenye kimo sawa na mizani. Asilimia 55 hadi 60 ya uzito wote ikiwa mbele, panafaa. Keria ya juu iliyojaa madebe inapendeza pichani, lakini kwenye jiwe la mteremko wa ubavu ndiyo inayoliangusha gari. Vua.

SevoMoja
Naongezea usukani. Kwa 1/10 weka sevo (kimota kinachogeuza tairi) yenye nguvu ya kusokota ya kilo 20 hadi 25 kwa sentimita na gia za chuma. Kuna tatizo linalowasumbua wengi: tairi likibanwa kati ya mawe, ukikata kona gari linazima sekunde moja kisha linawaka. Rimoti haina kosa. Sevo inavuta umeme mwingi kuliko sakiti ya BEC (inayolisha umeme sevo na risiva) iliyomo kwenye kidhibiti mwendo inavyoweza kutoa, volti zinashuka, risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) inazima. Funga BEC ya nje, volti zake zisizidi kiwango cha sevo.

Sevo ikinguruma usukani ukiwa mwisho, punguza mwisho wa mzunguko kwenye rimoti, la sivyo itaungua.

Mama Lipo
Betri jamani, hapa hakuna mzaha! Lipo (betri ya lithiamu polima) ya seli 2 ni volti 7.4, ikijaa 8.4. Chaji kwa chaja inayosawazisha seli. Betri ya 3000 mAh ichajiwe kwa ampea 3. Washa hali ya lipo kwenye kidhibiti mwendo ili kikate kabla seli haijashuka chini ya volti 3. Ukiiweka kabatini kwa wiki kadhaa, iache kwenye volti 3.8 kila seli. Iliyovimba haichajiwi tena, na inayochajiwa haiachwi peke yake.

Kishoka wa Gia
@Mama Lipo umenena. Nimesahau gia: ukibadili pinioni (gia ndogo ya kwenye mota), pitisha ukanda wa karatasi kati yake na gia kubwa, bana, kaza mota, kisha toa karatasi. Zikibanana sana mota inachemka, zikiachana meno yanalika. Gundi ya skrubu ni ya chuma kwa chuma tu, inapasua plastiki.

Ngazi kwa Ngazi
Na mtu akilalamika gari halikati kona: difu za magari haya mara nyingi zimefungwa, tairi zote za ekseli zinazunguka sawa, kwa hiyo kona ni pana. Rudi nyuma kidogo, kata upya.

Tairi likiteleza, usikanyage mafuta. Achia, geuza usukani kushoto na kulia taratibu mpaka ubavu wa tairi uushike ukingo wa jiwe, ndipo upande. Ukilazimisha, kitakachokatika ni propela au ekseli.