Mnada wa samaki wa mapambo hapa Tanga: mnatuuzia maiti zinazoogelea

Wakuu, salaam. Leo sina utani.

Nimetoka kwenye ule mnada wa samaki wa mapambo unaofanyika hapa mjini. Wenye matangi ya vioo mnaujua. Ukumbi siutaji, kesi sizitaki. Ila yanayofanyika pale ni dhuluma, na sisi tukikutana Ngamiani tunaishia kunong'onezana tu huku watu wanazidi kupigwa.

Nianze na dalali. Samaki wametiwa kwenye mifuko ya nailoni tangu alfajiri, wamepangwa mezani chini ya mabati, na joto la Tanga mnalijua. Mama mmoja akasema haoni vizuri, mfuko umefanya ukungu. Dalali akafungua mpira wa mfuko, akatia mkono, akamgeuza samaki kama anachagua nyanya, akaupuliza mfuko kwa mdomo mpaka ukavimba, akafunga, akaendelea: "Kumi na tano, kumi na sita, mama usimwache huyo!" Watu kicheko.

Samaki yule keshauawa pale pale, ila bado anaogelea. Akiwa mfukoni anapumua, kaboni dayoksaidi inajaa na maji yanaelekea kwenye asidi. Wakati huo huo anatoa amonia, nyingi ikipitia kwenye mashavu. Mfuko ukiwa umefungwa, asidi ile ndiyo inayopunguza makali ya amonia. Ukiufungua, kaboni dayoksaidi inatoroka, pH inapanda, yaani asidi inapungua, na amonia ileile inageuka sumu kali ndani ya dakika chache. Halafu unamrudishia pumzi ya binadamu iliyokwisha kutumika! Ndiyo maana wengi mnalia: samaki alikuwa mzima mnadani, kafika nyumbani anahema juu ya maji, asubuhi yuko chali. Ukiuliza, unaambiwa ni klorini ya maji yako ya bomba. Klorini inaua kweli, lakini msikubali kubebeshwa mzigo wa dalali.

Na wale mafundi wa "fungua mfuko, ongeza maji kidogo kidogo kwa saa nzima", hilo ni la samaki aliyetoka duka la mtaa wa pili. Aliyeshinda mfukoni kutwa, mfuko uelee ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, kisha fungua, mchote kwa wavu, yale maji mwaga.

Hata ufungaji wenyewe ni kinyume. Inatakiwa maji theluthi moja, hewa theluthi mbili, na samaki awe hajala tangu jana yake ili asichafue. Pale mifuko imejaa maji mpaka shingoni kwa sababu mteja anaona ndiyo ukarimu, na chini kinyesi kimetanda.

Sasa ugonjwa, na hapa ndipo roho inaponiuma. Nilichukua mbuna, wale samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa, watatu kwa shilingi 18,000. Mimi mgeni simchanganyi na wenyeji, anakaa beseni lake na pampu yake ya hewa wiki tatu au nne. Haikuchukua muda, vikatoka vidoa vyeupe mkiani, vya ukubwa wa chembe ya chumvi, samaki akawa anajisugua kwenye jiwe. Vidoa hivyo ni vimelea, vinakaa chini ya ngozi, na vikiwa humo dawa haivifikii. Vikishiba vinadondoka chini, kila kimoja kinagawanyika na kutoa mamia, navyo vinasaka samaki mwingine. Ni vinapoogelea tu ndipo dawa au chumvi inapovipata. Kwa joto letu mzunguko mzima unaisha ndani ya siku chache. Kwa hiyo samaki anapandishwa mezani msafi kabisa, kesho kutwa ni madoa matupu. Mnunuzi hana namna ya kujua. Aliyemleta anajua, maana tangi lake analiona kila siku.

Kijana wa jirani yangu alinunua fungu lilelile. Mtu wa mnada akamwambia, "Tia tu, hawa wameshazoea maji ya Tanga." Tangi zima limekwenda, pamoja na samaki wake aina ya oska aliyemlea tangu akiwa mdogo wa kidole. Karudi kulalamika, kajibiwa: "Ukinunua umenunua."

Na mbuna wenyewe ni mbuna gani? Mfuko umeandikwa "Malawi mchanganyiko". Samaki hawa ukiwachanganya aina tofauti wanapandana, na majike ya aina nyingi yanafanana, hivyo unauziwa chotara kwa bei ya mbegu safi. Samaki aina ya gapi, jike lake ndiyo usiseme, anahifadhi mbegu za dume kwa miezi, utamnunua peke yake akuzalie watoto wa baba usiyemjua. Tena kuna mtu kauziwa "papa mdogo" ana tangi la lita 40! Yule si papa, ni jamii ya kambare kutoka Mto Mekong huko Asia, anapita mita moja. Akimshinda atamtupa wapi? Mto Zigi, ambako ndiko maji ya mji yanakotoka.

Najua watakuja wa "mnada ndivyo ulivyo, unabahatisha". Nendeni soko la samaki la Deep Sea mkaone mnada. Mama anayetaka changu anafunua shavu aone wekundu, anatazama jicho, anabonyeza ubavu, ndipo anataja bei. Yaani samaki aliyekufa anakaguliwa kuliko aliye hai!

Waandaaji mnasoma humu, msijifanye hamsomi. Kila mfuko uandikwe aina ya samaki, anakua mpaka urefu gani, saa aliyofungwa, na pH ya maji alimotoka, maana wa Ziwa Tanganyika wamezoea karibu na 9 na hakuna anayeuliza. Jina la mleta samaki liwepo. Meza iondoke chini ya mabati. Na dalali akigusa mpira wa mfuko, fungu hilo lifutwe.

Hela yangu sidai tena. Ninachotaka ni jina la aliyeleta ile mifuko yenye mpira mwekundu, maana mnada mwingine ni Jumapili na tangi lake halijapona.