Mavazi ya hanta Marekani: vitambaa vimebadilika, bei imepaa, vifua vya watoto bado havina kinga

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine salamu zenu.

Uzi huu ni wa wazazi tulio Marekani ambao watoto wetu wamependa farasi, na wa yeyote atakayevumilia kuusoma. Nina hasira na mchezo wa hanta, na hasira yangu iko kwenye nguo. Kuna watakaosema nguo ni kitu gani hadi mtu afungue uzi. Naomba mnipe nafasi nianze mbali kidogo, maana bila historia hamtaona kinachoniuma.

Hanta ni mashindano ya kuruka viunzi bila kuhesabu muda. Jaji anamtazama farasi: mwendo wake, utulivu wake, namna anavyokunja miguu ya mbele juu ya kiunzi, kisha anatoa alama kwa jicho lake. Mchezo umetokana na uwindaji wa mbweha, ule wa kufuata mbwa mashambani na kuruka kila ua unaokutana nalo, ambao Waingereza waliuleta Virginia na Maryland enzi za ukoloni wao. Maonyesho ya farasi ya Upperville hapa Virginia yalianza mwaka 1853. Devon kule Pennsylvania, 1896. Nguo za uwanjani zote zimetoka huko, kwa wawindaji.

Na wawindaji wale walivaa nguo za kazi. Hapo ndipo nataka tuelewane. Koti la sufu nzito lilizuia mvua na miiba. Buti ndefu zilikinga mguu usichubuliwe na matawi na ngozi ya rikabu. Kile kitambaa cheupe kirefu cha shingoni, kinachofungwa kwa pini, kilikuwa bendeji: mtu akivunjika mkono, kinafunguliwa na mkono unaning'inizwa nacho, farasi akichanika, kinazungushwa mguuni. Glavu za uzi zilichomekwa chini ya mikanda ya tandiko kwa sababu hatamu za ngozi zikilowa zinateleza, na glavu za uzi hazitelezi. Hata leo kuna madaraja (makundi ya mashindano) machache ya heshima ambayo jaji anamkagua mpandaji kuanzia pini hadi vifungo, na anafungua kisanduku cha ngozi kilichofungwa kwenye tandiko kuangalia kama sandwichi imo. Wengine wanaona ni upuuzi. Mimi naheshimu, kwa sababu kila kinachokaguliwa pale kilikuwa na kazi ya kumsaidia binadamu aliye mbali na nyumbani.

Sasa tuangalie kilichofuata.

Suruali zilibadilika mapema. Picha za miaka ya 1930 na 1940 zinaonyesha mapaja yamevimba pande zote mbili kama masikio ya tembo. Haikuwa urembo. Kitambaa hakikuvutika, kwa hiyo fundi aliacha nafasi ili mtu aweze kukaa na kuinuka bila kuchana mshono. (Mtindo huo ulitoka Jodhpur, India. Sir Pratap Singh ndiye aliyeuonyesha Uingereza mwaka 1897 alipokwenda kwenye jubilei ya Malkia Victoria. Watu wanaojiona wenye mchezo wanasahau kwamba suruali yao ni ya Mhindi.) Vitambaa vya kuvutika vilipoenea, yale mapaja yakapotea na suruali ikabana mguu. Rangi nazo zikawa zinazunguka: miaka ya 1970 na 1980 walipenda rangi ya kutu na makoti ya mirabaraba, miaka ya 1990 makoti ya kijani kibichi yalitamba, leo ukisimama getini kila mtu ni koti la buluu nzito na suruali ya kaki.

Buti zamani hazikuwa na zipu. Zilivutwa kwa ndoano mbili za chuma zilizoingizwa kwenye vitanzi vya ndani, mguu umepakwa poda, na kuzivua kulihitaji mtu wa kukuvuta. Sasa zina zipu nyuma na ngozi laini, na shingo yake inapanda hadi kugusa goti. Afadhali. Koti nalo, baada ya miaka mingi ya sufu, limekuwa la kitambaa chepesi chenye matundu ya hewa, unalitupa kwenye mashine ya kufulia linatoka zima. Anayejua jua la Florida, au Virginia mwezi wa Agosti, hatalia kwamba sufu imeondoka. Silii.

Ninacholilia ni hiki: mabadiliko yote hayo yalikubaliwa haraka yalipopendeza macho. Yale ya kuokoa maisha yamepigwa vita hatua kwa hatua.

Tazameni kofia. Kwa miaka mingi waliruka viunzi na kofia ya mahameli nyeusi yenye ganda jembamba ndani. Ilikuwa na kamba ya lastiki ya kidevuni, na wengi waliikunja juu ya ukingo au kuikata kabisa ili isionekane kwenye picha. Mtu akianguka, kofia inafika chini kabla yake. Kiwango cha usalama cha ASTM, shirika la Marekani la kuweka viwango, kwa kofia za wapanda farasi kilitoka mwaka 1988. Nilidhani baada ya hapo kila mtu alibadilisha. Wapi! Chama cha wapanda farasi watoto, U.S. Pony Clubs, kilikuwa mbele kudai kofia zenye mikanda, lakini kwenye hanta watu wazima waliendelea na mahameli yao hadi tumeingia miaka ya 2000, wakisema helmeti zenye kinga zinawafanya waonekane kama uyoga. Saisi mmoja mzee ninayemheshimu sana alinionyesha kofia ya wakati ule aliyoihifadhi. Nikaigeuza. Ndani kuna lebo ndogo iliyoshonwa, inasema hiki ni kipande cha vazi tu. Maana yake mwenye kiwanda amekwambia waziwazi: hii hailindi kichwa. Na watu walisoma, wakaivaa, wakawavalisha watoto, wakaruka.

Nimeishika ile lebo kwa vidole vyangu. Nilitetemeka.

Leo helmeti ni lazima, tunashukuru. Lakini ikageuka tena kuwa maonyesho. Helmeti za Ulaya za dola 500 na zaidi, unabadilisha ukanda wa mbele upendavyo, unaweka vito, na mtoto asiyekuwa nayo anaangaliwa kwa pembeni. Mwishoni mwa 2022 maabara ya helmeti ya chuo cha Virginia Tech ilitoa alama za nyota kwa helmeti za wapanda farasi, na bei haikwenda sambamba na nyota. Zipo za bei ya kawaida zilizozishinda za bei kubwa. Nimewaonyesha wazazi wenzangu ile orodha wanatikisa kichwa, kisha wanarudi kununua ileile ambayo kila mtu anayo.

Na bei kwa jumla! Koti la kitambaa chepesi kutoka Italia linafika dola 700 na kupanda. Buti za kupimwa mguu zinapita dola 1,000, kwa mtoto ambaye mguu wake mwakani hautaingia humo. Kisha mwaka 2009 yakaja mashindano makubwa ya hanta dabi, na koti la mkia wanaloliita shadibeli, pamoja na kizibao cha njano chini yake, likarudi kutoka kabatini mwa mababu. Ni zuri, nakubali, farasi akiruka ule mkia unanyanyuka unapendeza. Ila ni koti la pili, kwa siku chache za mwaka. Mimi nguo za binti yangu nanunua za mitumba, zile ambazo wenye nazo wanauza watoto wakikua, na sioni aibu. Aibu ni kwa mchezo uliofanya mtoto ajue lebo ya suruali ya mwenzake kabla hajajua jina la farasi wake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya nifungue uzi.

Binti yangu ana fulana ya kinga inayojaa hewa. Inafungwa kwa kamba kwenye tandiko. Ukitenganishwa na farasi kamba inavuta, kichupa cha gesi kinafunguka, fulana inajaa kabla hujafika chini, shingo, kifua na mgongo vinakuwa kwenye mto. Nimeweka akiba muda mrefu kuinunua. Kanuni za USEF, shirikisho la mchezo huu Marekani, ziko wazi: mpandaji yeyote anaweza kuvaa fulana ya kinga katika daraja lolote, na jaji haruhusiwi kumwadhibu kwa hilo. Wazi kabisa, haihitaji mwanasheria.

Asubuhi ya mashindano, binti ameshapanda, yuko getini, kocha anamwambia aivue. Nauliza kwa nini. Jibu: inavunja mstari wa koti, jaji ataona kitu kinene badala ya mtoto nadhifu. Nikamwambia kanuni inaruhusu. Akaniambia kwa upole, ule upole wa kumweleza mgeni asiyejua mila za watu: "Kanuni inaruhusu, lakini hapa hatufanyi hivyo." Binti akanitazama. Nyuma yetu kuna foleni, wote makoti ya buluu, hakuna hata mmoja mwenye fulana. Akaivua mwenyewe kabla sijasema neno, akanikabidhi, akaingia kuruka.

Hivi jamani, huu ni mchezo wa nani? Kwenye mashindano ya siku tatu, yale ya kukimbiza farasi porini, fulana ya kinga ni lazima na hakuna anayelalamika kuhusu mstari wa koti. Mbao ni mbao. Ardhi ni ardhi. Mbavu za mtoto wa hanta zina tofauti gani?

Na haikuishia hapo. Nywele. Mtindo wa hanta ni kuzigawa, kuzishusha zifunike masikio, kuzibana kwa wavu, kisha kukunja mkia wote juu na kuusokomeza ndani ya helmeti. Hakuna kanuni inayosema hivyo. Ni mazoea tu. Helmeti iliyopimwa kichwa kitupu, halafu ukaijaza fundo la nywele, inakaa juu juu, haishiki panapotakiwa. Hilo ni kwa watoto wote, weupe kwa weusi. Binti yangu nilimsuka twende kilioni, imelala kichwani, helmeti inaingia sawasawa, ncha zimefungwa chini kwenye shingo, safi. Tukaambiwa haionekani ya "kihanta", na kwamba mara nyingine bora nifumue. Nifumue kitu kinachofanya kofia ishike vizuri ili niweke kinachofanya ishike vibaya?

Hao hao ndio wanaohubiri mila. Mila gani? Mila ya wale wawindaji ilikuwa kitambaa cha shingoni kiwe bendeji. Laiti mwindaji wa 1890 angepewa fulana inayojaa hewa, angeivaa juu ya koti lake jekundu siku hiyohiyo.

Tayari nimemwandikia kocha kwamba mashindano yajayo binti ataingia na fulana na misuko yake, na kama hilo haliwezekani kwake tutafute banda lingine. Sijajibiwa.

Naomba msaada kwa walio kwenye mchezo huu, iwe Texas, Kentucky, Kalifonia au popote. Kwanza, kuna aliyewahi kumwona mtoto mwenye fulana ya kinga akipata riboni (tuzo) ya juu kwenye hanta, na ilikuwa maonyesho gani? Nataka mifano ya kumwonyesha binti, kwa sababu yeye ndiye anayeogopa sasa, si mimi. Pili, wenye mabinti wenye misuko, mnatumia helmeti ipi, na mlipima kabla au baada ya kusuka? Tatu, kuna fulana za kuvaa chini ya koti: aliyezitumia aniambie kama koti linapaswa kuongezwa saizi, maana nalitafuta la mitumba na sitaki kulinunua mara mbili.