Nywila mbili za ruta moja

Shangazi Rehema: Wanangu, WiFi imetufungia nje. Nywila ilibadilishwa jana na haikuandikwa popote. Simu zote zinasema si sahihi. Nibonyeze kile kitundu cha nyuma ya ruta?

Salma: Shikamoo shangazi. Usikiguse kwanza! Kile kinafuta kila kitu, hata jina na nywila za kuingilia kwa mtoa huduma. Ukizikosa hizo, taa zitawaka vizuri lakini intaneti hairudi.

Shangazi Rehema: Marahaba. Nianzie wapi basi?

Hamisi: Kuna kifaa chochote ambacho bado kimeshika? Simu ya Android 10 kwenda juu, gusa jina la mtandao kisha Shiriki, utaona msimbo wa QR, na mara nyingi nywila imeandikwa chini yake. iPhone yenye iOS 16 kwenda juu, gusa ile alama ya i kando ya jina, halafu gusa mstari wa nywila.

Shangazi Rehema: Hakuna hata kimoja. Kompyuta mpakato ipo, nayo imetoka.

Salma: Kompyuta inatosha. Tafuta kebo ya mtandao, upande mmoja kwenye kompyuta, mwingine kwenye tundu lolote la ruta lililoandikwa LAN. Usiguse la WAN, hilo ndilo linaloleta intaneti. Kebo haiulizi nywila ya WiFi.

Salma: Halafu tafuta cmd kwenye menyu ya Windows, andika ipconfig, bonyeza Enter. Soma namba iliyo mbele ya Default Gateway.

Shangazi Rehema: 192.168.1.1

Hamisi: Iandike kwenye brauza, pale juu kabisa panapoandikwa anwani. Sio kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa matokeo ya utafutaji tu.

Shangazi Rehema: Imefunguka. Inataka jina na nywila. Si ndiyo hiyo niliyoipoteza?

Salma: Hapana shangazi, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Nywila ni mbili. Ya WiFi inaunganisha simu. Hii ya pili inafungua ruta yenyewe, na aliye nayo anaweza kubadilisha ile ya kwanza atakavyo. Geuza ruta, soma stika ya chini.

Shangazi Rehema: Nimejaza ya stika. Inakataa.

Hamisi: Basi ilishabadilishwa. Sasa kitundu ndiyo njia. Lakini kwanza tafuta karatasi za mkataba, kuna jina la mtumiaji na nywila ya PPPoE, yaani zile za kuingilia kwa mtoa huduma? Kama hakuna, mpigie mtoa huduma akusomee, uziandike.

Shangazi Rehema: Zipo kwenye karatasi.

Salma: Vizuri. Kama kuna boksi la faiba pembeni, hilo usiliguse kabisa, tunarudisha ruta peke yake. Iache ikiwa imewaka. Chukua kile kipini cha kutolea laini ya simu, ingiza taratibu mpaka uhisi kimebonyea, shikilia huku unahesabu hadi 15. Ukiachia mapema, ruta nyingi zinajizima na kuwaka tu bila kufuta chochote. Na kama ruta ina kitufe kimoja kilichoandikwa WPS/RESET, kukigusa kidogo unafungua WPS (njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila ya WiFi), kukishikilia ndiyo unafuta.

Shangazi Rehema: Taa zote zimezima zikarudi.

Salma: Subiri dakika 3 bila kugusa umeme. Chomoa kebo ya WAN kwanza, kisha ingia tena kwa nywila ya stika. Jambo la kwanza ni kubadilisha hiyo nywila ya ruta, kabla intaneti haijaingia.

Mjomba Idi: Kwa nini haraka hivyo?

Hamisi: Mjomba, aina nyingi za ruta zina nywila ya kiwandani inayofanana kwa zote, na orodha zake ziko wazi mtandaoni. Na mkiwa humo, hakikisheni uongozaji wa ruta kutoka nje, yaani kupitia intaneti, umezimwa.

Shangazi Rehema: Nimebadilisha. Nimejaza na PPPoE, nikarudisha kebo, intaneti imerudi. Nywila ya WiFi niweke tarehe ya kuzaliwa?

Hamisi: Shangazi, hapana! Mtu anaweza kunasa simu inapojiunga na WiFi, akaondoka na alichonasa, akajaribu nywila kwenye mashine yake kwa nafasi. Tarakimu 8 tupu ni michanganyiko milioni 100, na kadi nzuri ya michoro inaimaliza kwa dakika chache. Weka maneno manne au matano yasiyohusiana. WPA2, ile kinga ya WiFi, inakubali herufi 8 hadi 63, nafasi unayo.

Salma: Usalama chagua WPA2 yenye AES (njia ya kusimba data). WPA3 ni bora, ila printa au TV ya zamani inaweza kukataa kuungana, basi weka ule mchanganyiko wa WPA2/WPA3. Ukiona TKIP, njia ya zamani ya kusimba, iache, ni dhaifu, tena inashusha kasi hadi 54 Mbps.

Hamisi: Na WPS zima. PIN yake ina tarakimu 8, lakini inakaguliwa nusu kwa nusu na ya mwisho ni ya uhakiki tu, kwa hiyo zinabaki kama 11,000 za kujaribu. Nywila ndefu haikusaidii hapo.

Mjomba Idi: Nimesikia ukificha jina la mtandao hakuna anayeuona.

Salma: Unaonekana mjomba. Simu zinapoutafuta zinalitaja jina lenyewe. Bora mtandao wa wageni wenye nywila yake, watoto wa jirani na TV wakae huko.

Shangazi Rehema: Simu yangu bado inakataa.

Hamisi: Inatumia nywila ya zamani. Gusa jina la mtandao, chagua Sahau, kisha ujiunge upya.

Shangazi Rehema: Imeingia! Ila kwenye orodha ya ruta kuna kifaa nisichokijua.

Salma: Kinaweza kuwa simu ya humohumo ndani. Simu za siku hizi hutunga anwani ya MAC (namba ya kutambulisha kifaa kwenye mtandao) ya kubuni. Zima WiFi kwenye simu moja baada ya nyingine, uone kipi kinatoweka.

Shangazi Rehema: Ni simu ya baba yenu. Nywila zote mbili nimeziandika, karatasi iko ndani ya bahasha ya mkataba.