Mjadala: Vyama vinne vya korosho, seva moja Mtwara mjini?

Mdau wa Shangani
Wakuu, pendekezo lililo mezani ni hili: vyama vya msingi vinne vichange seva moja ya RAM GB 32, kila chama kiwe na kontena lake la Linux (chumba kilichotengwa ndani ya seva) chini ya Proxmox, programu ya kugawa seva, lenye daftari la mizani, majina ya wakulima na akaunti zao za benki. Mimi napinga. Taarifa za namna hiyo zinataka mashine pepe, yaani kompyuta kamili ya kuigiza yenye kerneli yake. Makontena yote yanategemea kerneli moja ya seva, yaani kiini cha mfumo. Likitokea tundu la usalama la kerneli kama Dirty COW ya 2016, aliyeingia chama kimoja anaweza kuvuka kwa jirani.

Mdau wa Mikindani
Mkuu, unatisha watu bure. Kontena likiundwa bila mamlaka (unprivileged), root wa ndani, yaani msimamizi mkuu, kwa seva ya nje ni mtumiaji namba 100000 tu, hana ubavu. Mashine pepe nne za GB 6 zitaishia kukalia GB 24 hata zikilala. Kontena linachukua linachotumia, na chama kimoja kikilipa wakulima vingine vimetulia.

Mdau wa Shangani
Vimetulia wapi? Mnada wa chama kikuu unauza mzigo wa vyama vingi siku moja, malipo yanafuatana. Ukiweka ukomo wa GB 12 kwa kila kontena ili "waazimane", vitatu vikiamka pamoja RAM imekwisha. Kerneli inaua mchakato mnono kuliko wote, mara nyingi hifadhidata, pengine ya chama kisicho na kosa. Andika `pct set 101 --memory 6144 --swap 512` (101 ni namba ya kontena, 6144 ni MB, yaani GB 6), na kila kontena vivyo hivyo. Likizidi, mchakato unaouawa ni wake lenyewe, si wa jirani.

Na hiyo 100000 usiishangilie. Usipogusa kitu, makontena yote manne yanapewa safu ileile ya namba za watumiaji, 100000 hadi 165535. Atakayechomoka kwenye moja anatoka na namba zilezile zinazomiliki mafaili ya jirani. Kila moja lipewe safu yake (100000, 200000, 300000, 400000) kwenye /etc/subuid na /etc/subgid (mafaili ya seva yanayogawa namba hizo), kisha mstari wa lxc.idmap kwenye faili la mipangilio ya kontena. Hilo lifanyike kabla ya kuingiza data. Ukibadilisha baadaye bila kuhamisha umiliki, mafaili yanaonekana ya nobody, yaani hayana mwenyewe, na huduma zinagoma kuwaka.

Mdau wa Newala
Ndugu zangu, diski mmeiruka. Mkigawa GB 200 mara nne juu ya LVM-thin (bwawa la diski linaloahidi nafasi kabla ya kuitoa) ya GB 480, kila chama kitaona kina nafasi tele. Bwawa likijaa, wote wanashindwa kuandika, hata aliyetumia GB 10. Angalieni amri ya `lvs`, safuwima ya Data% (data iliyojaa) na ya Meta% (kumbukumbu za bwawa lenyewe) pia. Kufuta mafaili ndani hakurudishi nafasi kwenye bwawa mpaka muandike `pct fstrim 101`.

La pili, mwenye root wa seva anaandika `pct enter 102` na yuko ndani, haulizwi nywila. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, huyo ni nani kwa wakulima wa chama cha pili?

Mdau wa Mikindani
Hapo nakubali. Lakini mashine pepe nayo haimzuii, diski yake anaweza kuinakili. Labda diski ifungwe kwa LUKS, njia ya kuisimba kwa ufunguo, ufunguo abaki nao karani wa chama.

Mdau wa Newala
Sawa. Umeme ukikatika usiku seva ikawaka upya, nani anamwamsha karani aandike ufunguo kabla mizani haijafunguliwa saa moja asubuhi?